Ukoko wa Bondeni

Waliohudhuria kikao kile, kwa mpangilio uliowekwa kabla hakijafungwa, walikuwa hawa: wa kwanza, chungu kimoja cha udongo, mali ya Bi Mwatumu wa Bondeni, chenye ufa ulioungwa kwa ulimbo, wa pili, Bi Siwatu, binti wa Bi Mwatumu, mwonjaji wa Kasri, wa tatu, Kadhi Mizani, msomaji wa sheria, wa nne, Jemadari Rungu, mkuu wa askari, wa tano, Waziri Mafuniko, mwangalizi wa majiko yote ya nchi, na wa mwisho, Mtukufu Mtangulizi wa Tisa, mwenye nchi. Hakuna aliyeomba udhuru.

Ajabu ya orodha hii itaonekana mahali pake. Kwa sasa inatosha kusema kwamba katika nchi ya Malimbuko haikupata kuandikwa orodha ambamo jina la Mtangulizi lilitanguliwa na jina la kiumbe mwingine yeyote, sembuse chombo cha kupikia.

Malimbuko ilikuwa nchi iliyojilaza kama mtu aliyeegemea ubavu baada ya kazi. Kichwani palikuwa na mlima wa Kilele, na juu yake Kasri la mawe meupe lenye madirisha mengi kuliko wakazi. Miguuni palikuwa na bonde pana la mpunga ambalo, kwa kukosa mtu wa kulitungia jina kubwa, liliitwa Bondeni tu. Na kati ya kichwa na miguu ulipita Mto Tulia, mto mvivu, uliojikunja mara saba kana kwamba hautaki kufika. Kutoka Kilele mtu aliliona bonde lote kwa mtupo mmoja wa jicho: majaruba ya mpunga yaliyopangana kama vitambaa juani, mapaa ya makuti, na moshi wa majiko ukipanda adhuhuri, nyuzi elfu arobaini za moshi mwembamba, kila mmoja ukiwa na chungu chake chini. Kutoka Bondeni mtu hakuona Kilele ila weupe, kama jino.

Watangulizi wanane walikuwa wametawala kabla ya huyu, na kila mmoja aliirefusha kidogo Sheria ya Mwanzo, ambayo kwa asili yake ilikuwa na maneno matano tu: cha kwanza ni cha Kilele. Mtangulizi wa Kwanza alidai suke la kwanza la mpunga, jambo ambalo halikumuudhi mtu. Wa Tatu akaongeza yai la kwanza la kila tembe, kuku anayeanza kutaga. Wa Tano akaongeza maji ya kwanza ya kila kisima kipya. Wa Saba, aliyekuwa mpenda harufu, aliamuru kwamba mvua ya kwanza ya mwaka ikidondoka na vumbi likaanza kunukia, watu wafunge madirisha yao mpaka Kasri limalize kunusa. Lakini wa Nane ndiye aliyeingia jikoni. Aliweka sheria kwamba kila chungu kinachoinjikwa nchini, upawa wake wa kwanza uchotwe na wapagazi wa Kasri na kupandishwa mlimani, na kinywa chochote kisionje kitu kabla baragumu halijalia Kilele kutangaza kwamba limbuko limefika. Na kutoka Bondeni hadi Kilele, kwa mpagazi mwenye miguu mizuri, ni mwendo wa saa moja na nusu.

Basi watu wa Bondeni walisubiri. Wali ukishaiva, na mpagazi akishachota upawa wake na kwenda zake, waliupunguzia kuni, wakapalia makaa juu ya mkungu uliofunika chungu ili usipoe, wakakaa kuzunguka mafiga wakiongea habari za watu wasiokuwapo. Na katika kusubiri huko, bila amri ya mtu na bila mtu kukusudia, tui lilizama taratibu hadi chini ya chungu, likakutana na punje za chini na moto usio na haraka, na pakazaliwa ukoko: mnene, wa rangi ya asali, wenye harufu inayomfanya mtu aliyeshiba ageuze shingo. Nchi nyingine pia zina ukoko. Lakini ukoko wa Malimbuko ulikuwa na unene wa saa moja na nusu.

Ukoko huo ulikuwa na desturi yake. Wali ukishakwisha, mmoja alikiinamia chungu akakwangua kwa mwiko wa mti, akawagawia wengine wote, akianza na mdogo. Kila aliyepokea kipande alitaja jema moja la siku ile kabla hajakitia jino. Nalo lisiwe kubwa. Harusi, mavuno na kupona kwa mgonjwa vilikuwa na siku zake na ngoma zake. Pale chunguni palitakiwa jambo dogo, ambalo lisipotajwa lingepotea. Mmoja alishukuru kwa kuwa sindano iliyoangukia majanini imeonekana. Mwingine kwa kuwa punda wa jirani, kwa mara ya kwanza katika wiki, alinyamaza hadi kukapambazuka. Mwingine kwa ubaridi wa sakafu iliyotoka kufagiliwa, chini ya nyayo zilizochoka. Aliyekosa la kusema alitaniwa mpaka alipate, na vicheko vilisikika hadi ng'ambo ya mto. Mwisho kabisa mkwanguaji alikula kipande kilichobaki, akashika kumbi la nazi na jivu, akakiosha chungu. Anayekwangua ndiye anayeosha. Hiyo ilikuwa sheria ya Bondeni, nayo haikuwa na askari wala adhabu.

Mtangulizi wa Tisa hakuwa mtu mbaya; tena huenda, kama angezaliwa mahali penye mafiga, angekuwa mtu mwema. Lakini tangu alipoachishwa ziwa hakuwahi kutia kinywani tonge la pili la chakula chochote, kwa maana tonge la pili si la kwanza. Kila alasiri walimpangia pawa za nchi nzima juu ya sinia ndefu, chakula kikiwa kimepoa na kuganda, naye akapita akidokoa punje hapa na punje pale, kama mtu anayesoma majina makaburini. Hakuwahi kushiba. Hakuwahi kuwa na njaa pia. Ulimi wake, uliofanyishwa kazi ya kuanza bila kuruhusiwa kumaliza, ulichoka mapema, na alipotimiza miaka arobaini ukafa kabisa, hata asitofautishe asali na maji ya kunawia. Ulimi ulikufa; sheria haikufa. Ndipo ikaundwa kazi ya mwonjaji, na ndipo Siwatu alipopandishwa Kilele.

Alikuwa amekaa huko miaka kumi na mmoja. Kiapo chake kilikuwa kifupi: ulimi wangu ni ulimi wa Mtangulizi, hautaongeza wala hautapunguza. Mwonjaji aliyesema uongo alifukuzwa nchini, na mafiga ya jiko lililomlea yaling'olewa, asipike mtu hapo tena. Siwatu hakuwahi kukaribia adhabu hiyo, kwa kuwa kwa tabia alikuwa mtu wa utaratibu, aliyeona uongo kuwa ni aina ya uchafu. Alionja, akafumba macho, akatafuta mfano, akausema. Siku moja alionja muhogo wa kuchemsha, akamwambia Mtangulizi kwamba ladha yake ni kama kukaa kivulini na mtu usiyelazimika kuzungumza naye. Mtangulizi aligeukia dirisha, akamwomba, kwa sauti ambayo haikuwa ya amri, arudie. Tangu siku ile Siwatu alimhurumia. Na huruma ni kama masizi, ikishagusa nguo haitoki kwa kukung'uta.

Yaliyoleta kikao yalianza na vicheko. Kila alasiri, upepo ukigeuka kutoka bondeni, Mtangulizi alisikia kicheko kikipanda ukuta wa Kasri, si cha sherehe wala cha ulevi, bali kicheko cha watu waliokaa chini. Akauliza wanacheka nini, na kwa kuwa hakuna aliyejua, Jemadari Rungu aliteremka na askari thelathini kupeleleza. Alikaa Bondeni siku tatu, akarudi ameongezeka uzito, akatoa taarifa kwamba hakuna njama yoyote: watu wanakwangua vyungu.

"Na kicheko ni cha nini?" Mtangulizi aliuliza.

"Siku ya kwanza kilikuwa cha sindano, Mtukufu. Siku ya pili, cha punda."

Mtangulizi alitafakari usiku kucha, na asubuhi akamwambia Waziri Mafuniko kwamba watu hawawezi kufurahia sindano. Lazima kuna kitu kimefichwa chini ya vyungu vile. Waziri, ambaye hakupata kukutana na kitu kilichofichwa asikitamani, alikubali mara moja. Wapishi wa Kasri wakaamriwa kupika ukoko. Walipika siku tisa. Walipoharakisha, wali ulitoka mweupe na laini hadi chini. Walipochochea moto, ulitoka mkaa. Hapakuwa na mtu Kileleni aliyewahi kukiacha chakula kisubiri, na hapakuwa na mtu aliyefikiri kulitafuta kosa katika jambo dogo kiasi hicho.

Basi Waziri akaandika rasimu ya amri. Ukoko wote wa Malimbuko ungekuwa mali ya Kilele. Kila chungu kingepandishwa mlimani kabla hakijakwanguliwa, na kwa kuwa hakuna ambaye angeweza kuteremsha vyungu elfu arobaini kila siku, vingevunjiwa nyuma ya Kasri, na Bondeni wafinyange vingine. Kilichobaki ni ushahidi. Sheria ilitaka kitu kionjwe na mwonjaji mbele ya baraza kabla hakijatwaliwa. Waziri aliagiza chungu kimoja kiletwe, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufikiri mbali, alichagua jiko ambalo mwonjaji asingethubutu kuliponza.

Chungu hakikupanda peke yake. Wapagazi walipofika langoni, nyuma yao alifika Bi Mwatumu kwa miguu yake, kanga imefungwa kiunoni, mkononi ameshika mwiko. Askari walimzuia asiingie. Hakubishana nao, alikaa juu ya jiwe la lango kama aliyefika kwake, akauliza binti yake yuko wapi. Siwatu aliitwa, akatoka mbio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Si wanasema kazi yako ni kula?"

Siwatu alicheka kwa nusu pumzi. Alimweleza mama yake kwa kunong'ona kwamba akisema ukoko ni mtamu, amri itapigwa muhuri na Bondeni haitabaki na chungu. Na akisema ni mchungu, atakuwa amevunja kiapo, naye atafukuzwa na mafiga ya nyumbani yatang'olewa.

"Mafiga ni mawe," alisema Bi Mwatumu. "Mawe yako tele mtoni. Lakini uongo usiseme, sikukulea hivyo. Sema kweli. Ila usiseme nusu, nusu nyingine ukaiacha chunguni." Akamkabidhi mwiko. "Na wasikikwangue kwa chuma. Kina ufa."

Ukumbi wa baraza ulikuwa mrefu, wenye sakafu ya mawe iliyong'arishwa hata mtu akajiona akitembea kichwa chini. Katikati, juu ya mto wa hariri nyekundu, kilikaa chungu cha Bi Mwatumu, cheusi, kimeinama kidogo upande wa ufa, kama mzee aliyekaribishwa kwenye kiti asichokizoea. Siwatu alikijua kuliko alivyoyajua mashavu yake. Aliujua ufa ule: alikuwa amekigonga mwenyewe kwenye figa, akiwa na miaka saba, na siku ile mama yake alishukuru kwamba kimepasuka upande usiokaa motoni.

Mtangulizi alikuwa kitini, mikono juu ya magoti. Kulia kwake alisimama Waziri na muhuri. Kushoto Kadhi Mizani, mzee mwembamba aliyeshika kitabu cha sheria kama mtu ashikavyo mtoto wa mwenziwe. Na mlangoni Jemadari. Siwatu alipiga magoti, akaukwangua ukingo mmoja kwa mwiko. Mlio wake, mkavu na wa nyumbani, ulikwenda hadi mwisho wa ukumbi ukarudi. Alipokuwa akikwangua aliona kwamba upande wa pili kipande cha ukubwa wa ukucha kilikuwa kimekwisha kutoka. Na alipoinua macho aliona masizi kwenye kidole cha shahada cha Waziri Mafuniko. Akaelewa kwamba Waziri alikuwa anaijua ladha tayari, na kwamba angesema uongo angekamatwa palepale.

Akatia kinywani. Akafumba macho.

"Ni mtamu, Mtukufu," alisema.

Waziri alishusha pumzi, akaufungua wino.

"Sijamaliza," alisema Siwatu. "Ladha ya kwanza ni moshi. Ya pili ni tui lililokaa mpaka likasahau kwamba lilikuwa maji. Chumvi iko mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu. Lakini hiyo ni nusu. Nusu ya pili haimo chunguni."

"Wameificha wapi?" aliuliza Jemadari, akaushika upanga.

"Hawakuificha, Jemadari. Imo katika saa moja na nusu ya kulisubiri baragumu. Sisi ndio tuliowasubirisha. Ukoko huu umepikwa na sheria yetu wenyewe, na wapishi wa Kasri wameshindwa kwa kuwa hapa hakuna aliyewahi kusubirishwa."

 Siwatu, ambaye sasa sauti yake ilikuwa imetulia kama ya mtu anayepanga vyombo kabatini, aliendelea kueleza desturi, moja baada ya nyingine, bila kuongeza wala kupunguza: kwamba mkwanguaji hugawa kwanza, hula mwisho, kwamba kila mlaji hutaja jema dogo, na kwamba anayekwangua ndiye anayeosha. Alisema kwamba amewahi kula ukoko peke yake, siku moja, kwa wizi, akiwa mtoto. Na ladha yake ilikuwa wali ulioungua.

Waziri alisema kwamba desturi za jikoni si kazi ya baraza, na kwamba Kasri lina watumishi wa kuosha. Hapo Kadhi Mizani alikohoa. Alifunua kitabu karibu na mwanzo, mahali ambapo kurasa zilikuwa bado zimeshikana kwa kutosomwa, akasoma kwamba kitwaliwacho na kitwaliwe pamoja na desturi yake, na kikitwaliwa bila desturi yake, kimeibwa. Alikumbusha kwamba Mtangulizi wa Pili, alipotwaa asali ya kwanza, alilazimika kwenda mzingani na kuwaimbia nyuki, kwa kuwa ndivyo walivyofanya warina asali, na kwamba aliumwa kope.

"Kwa hiyo?" aliuliza Waziri.

"Kwa hiyo, sheria haisemi watumishi. Inasema anayekwangua."

"Vyungu elfu arobaini," alisema Jemadari taratibu, na masharubu yake yakaanza kutikisika. "Waziri, utahitaji jivu jingi."

"Na liko la pili," alisema Kadhi. "Cha kwanza ni cha Kilele. Ukoko ni cha mwisho. Akiutaka Mtukufu, sharti awe wa mwisho. Cha mwanzo na cha mwisho havishikwi kwa mkono mmoja."

Macho yote yalimgeukia Mtangulizi. Alikuwa hatazami watu; alitazama chungu. Siwatu alikuwa amemwona akitazama sinia ya dhahabu, farasi wa zawadi na mabalozi, wala hakuwahi kumwona akitazama kitu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kisha Mtangulizi akasimama, akateremka ngazi tatu za kiti, na kwa shida ya magoti ambayo hayakuzoea kukunjwa, akaketi sakafuni.

"Nipe mwiko," alimwambia Siwatu.

Alikwangua vibaya. Alishika mwiko kama fimbo ya enzi, vipande vikaruka, kimoja kikaangukia joho lake. Siwatu alimnong'oneza ashike chini zaidi, aukwepe ufa. Akafuata kama alivyoelekezwa. Ukoko ulipokwisha kutoka, aliuliza mdogo ni nani, na mdogo katika ukumbi ule, kwa umri, alikuwa Siwatu mwenyewe. Akampa wa kwanza. Kwa miaka kumi na mmoja Siwatu alikuwa ameonja kabla yake kama ulimi wake; leo alikuwa anapewa.

"Nashukuru," alisema Siwatu, "kwa kuwa kimefika huku bila kuvunjika."

Kadhi alishukuru kwa kuwa ameuona ukurasa alioutafuta bila kulazimika kuvaa miwani. Jemadari alishukuru kwa kuwa viatu vyake vipya, tangu jana, vimeacha kumbana. Waziri Mafuniko alipokea kipande chake, akakaa nacho, akaanza kushukuru kwa uongozi usio na mfano wa mtu ambaye nchi nzima...

"Hilo ni kubwa, Waziri," alisema Jemadari. "Toa dogo."

 Jasho lilimtoka Waziri pembeni mwa kilemba. Alikitazama kidole chake, akataka kukificha, akaona kwamba wote wamekwisha kukiona.

"Nashukuru," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo iliyomshangaza hata yeye, "kwa kuwa nilipotia kidole chunguni, kikiletwa ukumbini, chungu kilikuwa bado cha moto."

Jemadari alicheka, na Kadhi akacheka, na kicheko kikatoka madirishani kikateremka mlima, safari ambayo kicheko hakikuwahi kuifanya. Waziri naye alicheka kidogo, kwa uso wa mtu aliyevuliwa kiatu chenye kokoto.

Kilibaki kipande kimoja, kidogo, kimeungua upande. Mtangulizi alikiweka kinywani, akatafuna polepole. Siwatu, kwa mazoea, alifungua mdomo amwambie ladha yake. Mtangulizi aliinua kiganja, akamzuia. Aliendelea kutafuna. Kisha, kwa kuwa desturi ilikuwa bado inamdai, alisema:

"Leo asubuhi jua liliingia dirishani, likaupata mkono huu. Nikauacha hapo." Akasita. "Sijui kama hilo ni dogo vya kutosha."

"Ni dogo, Mtukufu," alisema Siwatu.

Waliletewa maji, jivu na kumbi la nazi. Mtangulizi alikunja mikono ya joho, akaosha. Aliosha kwa muda kupita kiasi, akirudiarudia mahali palipokwisha kusafika, na masizi yakampanda hadi kwenye viwiko. Siwatu alimtazama, asijue la kushika. Huenda ulimi ule ulikuwa umeamka. Huenda alikuwa ametafuna kitu kisicho na ladha, akaona haya kusema. Na kama umeamka, je? Njaa ya mtu ambaye hajawahi kuwa na njaa si jambo la kushangiliwa upesi. Aliwaza pia jambo jingine, ambalo hakuna aliyemwuliza: baragumu likinyamazishwa, watu wa Bondeni watakula wali wao ukiwa na moto, nao ukoko utakonda mwaka hata mwaka mpaka usahaulike, na baragumu likiendelea kulia, ukoko utabaki, na kusubiri pia kutabaki. Alilipima mara mbili, na mara zote mbili halikulingana.

Waziri ndiye aliyesema kwanza. Aliuliza rasimu yake ifanyweje, na upawa wa kwanza je, utaendelea kupanda kama kawaida?

Mtangulizi alikigeuza chungu kwenye jua lililoingia dirishani, akapitisha kidole juu ya ufa. Swali la pili alilipita kana kwamba hakulisikia. Aliuliza mwenye chungu ni nani, akaambiwa kwamba yuko langoni, amekaa juu ya jiwe, anasubiri tangu chungu kilipofika. Alilirudia neno lile, anasubiri. Kisha alimwambia Kadhi aandike upya orodha ya waliohudhuria, aanze na chungu, na jina lake alitie mwisho. Akamkabidhi Siwatu chungu, kikiwa bado kinadondoka maji, amrudishie mama yake. Siwatu alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa safi, isipokuwa upande mmoja wa chini, ambao Bi Mwatumu angeuona kabla hata ya kujibu shikamoo.

Alipofika mlangoni alisikia Mtangulizi akiwatangazia waliobaki, bado ameketi sakafuni, mikono yake ikiwa myeusi:

"Rasimu haitapigwa muhuri. Ukoko hautapanda. Kesho sisi ndio tutakaoshuka, na tufike wakiwa wameshakula. Kila mmoja aje na jivu lake."